Toleo la Agosti 16: gazeti la watu saba lilivyotoka baada ya upekuzi

Gazeti la kila wiki halikimbizwi kila siku, lakini lina siku moja lisiyoweza kuikwepa. Kwa Marion County Record, gazeti la mji mdogo wa Marion katika jimbo la Kansas, Marekani, siku hiyo ni Jumatano. Baraza la mji likikaa Jumatatu, habari yake lazima iwe imeandikwa, imehaririwa na kulala kwenye ukurasa wake kabla usiku wa Jumanne haujaisha. Jumatano nakala zinakwenda kwa wasomaji, na kazi ya wiki nyingine inaanza.

Mwezi Agosti 2023 ratiba hiyo ilivurugwa. Ijumaa ya tarehe 11, mnamo saa tano asubuhi, polisi wa mji pamoja na askari wa sherifu wa kaunti waliingia katika ofisi ya gazeti wakiwa na hati ya upekuzi. Waliondoka na kompyuta, simu za mkononi za waandishi na seva iliyohifadhi mafaili. Nyumba ya mmiliki ilipekuliwa, na ya diwani mmoja pia. Kufikia Jumanne usiku, gazeti lilitakiwa liwe na kurasa kamili. Zilikamilika Jumatano saa kumi na moja alfajiri, na ukurasa wa mbele ukawa na herufi nene zikisema kwamba wamenyang’anywa lakini hawajanyamazishwa.

Kisa hiki kimeandikwa sana kama kisa cha uhuru wa habari, na ndivyo kilivyo. Mimi hukirudia kwa sababu nyingine. Gazeti dogo linapolazimika kuundwa upya kwa siku nne, kila kipande chake kinaonekana: kipi kinabeba uzito, kipi ni pambo, kipi kinaishi vichwani mwa watu na kipi kinaishi kwenye mashine. Tena kuna jambo ambalo waliokimbilia kusimulia uvamizi walilipita haraka. Kisa hiki chote kilianzia kwenye habari ambazo, polisi walipokuwa hawajafika, wahariri walikuwa wamekwisha kuamua kwamba hazijawa tayari kutoka.

Marion ina wakazi wapatao 1,900, na kaunti nzima haifiki watu 12,000. Gazeti lilianzishwa mwaka 1869. Kwa zaidi ya karne moja lilikuwa mikononi mwa ukoo wa Hoch, ambao mmoja wao, Edward Hoch, alitoka kwenye meza ya uhariri hadi kuwa gavana wa Kansas kuanzia 1905 hadi 1909. Mwaka 1998 familia ya Meyer ililinunua ili lisiangukie kwenye kampuni kubwa zinazomiliki magazeti ya miji mingi kwa pamoja. Bill Meyer alikuwa amelifanyia kazi kwa miongo mingi, na mkewe, Joan, alikuwa mwandishi, mhariri na mtunza kumbukumbu wake. Mtoto wao, Eric, alifanya kazi katika gazeti la Milwaukee, akafundisha uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Illinois, kisha akarudi nyumbani kuliendesha.

Mwaka 2023 wafanyakazi walikuwa saba. Nakala zilikuwa kama 4,000 kwa wiki, yaani zaidi ya mara mbili ya wakazi wa mji wenyewe. Kaunti nzima ilikuwa ikilisoma, na kwa kawaida magazeti ya aina hii hufuatwa pia na watoto wa mji waliohamia mbali ambao bado wanataka kujua nani amefariki na timu ya shule imefungwa na nani.

Hawakuwa wakipendwa na wote. Wapo wakazi waliosema waziwazi kwamba Record ni kali mno, linatafuta mabaya, linawachafua watu wanaojitolea kuujenga mji. Hilo lisipuuzwe kwa sababu tu gazeti limeonewa. Mahali ambapo mhariri na diwani wananunua mkate dukani kwa mtu mmoja, ukali wa gazeti una bei ambayo mhariri wa jiji kubwa halipi kamwe. Yeye hakutani na aliowaandika. Mhariri wa Marion atakutana nao kesho.

Sasa tuingie kwenye zile habari zilizokuwa hazijatoka.

Ya kwanza ilihusu mwenye mgahawa mmoja mjini. Mwanzoni mwa Agosti palikuwa na mkutano wa hadhara wa mbunge wa eneo hilo mgahawani kwake, na kwa ombi la mwenye mgahawa mkuu wa polisi aliwatoa nje Eric Meyer na mwandishi wake. Baada ya hapo mwandishi huyo akapokea ujumbe kupitia Facebook kutoka kwa mtu, ukiwa na hati iliyoonyesha kwamba mwenye mgahawa aliwahi kutiwa hatiani mwaka 2008 kwa kuendesha gari akiwa amelewa, na kwamba leseni yake ya udereva ilikuwa na tatizo. Jambo hilo lilikuwa na uzito kwa umma, maana wakati huohuo alikuwa anaomba kibali kinachohusu uuzaji wa pombe, na baraza la mji lilikuwa na neno katika ombi hilo.

Mwandishi alifanya lile analopaswa kufanya mwandishi yeyote anayetumiwa karatasi na mtu asiyemjua. Aliingia kwenye tovuti ya idara ya mapato ya jimbo, ambayo ndiyo hushughulikia leseni za madereva huko, kuhakikisha kama hati ni ya kweli. Ilikuwa ya kweli. Hapo wengi wetu tungeshika kalamu. Wao waliuliza swali la pili, ambalo ni gumu zaidi: nani ametuletea, na anataka nini? Meyer alihisi kwamba karatasi imetoka upande mmoja wa ndoa inayovunjika, na kwamba gazeti lilikuwa linageuzwa fimbo ya kumchapia mtu. Akaamua haitoki. Akawaandikia polisi na sherifu kuwaeleza kwamba hati ya namna hiyo inazunguka.

Uamuzi huo wa pili, wa kuwaandikia polisi, nimeusikia ukijadiliwa na watu wa magazeti kwa ubishi mwingi. Upo upande unaosema alifanya vyema, maana kama hati ilipatikana kwa njia mbaya basi gazeti lijitenge nayo mapema. Mimi niko upande wa pili. Mkuu wa polisi aliyeandikiwa alikuwa na sababu zake za kutolipenda gazeti, kama tutakavyoona, na barua ile ilimweleza hasa waandishi walikuwa na nini mkononi. Gazeti likishaamua kutochapa jambo, uamuzi huo ubaki ndani ya chumba cha habari.

Jumatatu Agosti 7, kwenye kikao cha baraza, mwenye mgahawa alisimama na kulishutumu gazeti kwamba limepata taarifa zake kinyume cha sheria na kuzisambaza. Kwa kufanya hivyo alikuwa amelitoa jambo hadharani kwa kinywa chake. Jumatano Agosti 9 Record likachapa habari ya kikao hicho na maelezo yake lenyewe ya kilichotokea. Baada ya siku mbili polisi walikuwa mlangoni, wakidai uchunguzi wao unahusu wizi wa utambulisho na matumizi haramu ya kompyuta. Hoja ilikuwa juu ya ile dakika ambayo mwandishi aliingia kwenye tovuti ya umma kuhakiki karatasi. Yaani kitendo cha uhakiki, kile tunachowapigia kelele wanafunzi wa uandishi wa habari wasikiruke, ndicho kilichoandikwa kwenye hati kama jinai.

Habari ya pili ilikuwa nzito zaidi. Gideon Cody alikuwa ameanza kazi ya ukuu wa polisi Marion miezi michache tu kabla, akitokea idara ya polisi ya Kansas City, Missouri. Baada ya kuteuliwa, watu waliofanya kazi naye huko walianza kulipigia gazeti simu wakieleza madai kuhusu mwenendo wake. Mwandishi mwingine wa Record aliyafuatilia kwa muda. Tatizo lilikuwa moja: hakuna aliyekubali jina lake litajwe, na rekodi za utumishi za kuyathibitisha hazikupatikana. Gazeti likakaa kimya. Hata hivyo, madaftari ya mazungumzo hayo na majina ya waliozungumza yalikuwa kwenye kompyuta. Kompyuta zikabebwa na askari walio chini ya mtu anayehusika.

Wasomaji hudhani kwamba gazeti ni kile wanachokiona, kurasa nane au kumi na mbili zilizojaa. Aliyewahi kukaa kwenye meza ya uhariri anajua kwamba nyuma ya kila toleo kuna kabati la habari ambazo hazijaiva: nusu ya ushahidi, chanzo kinachosita, tuhuma inayoweza kuwa ya kweli na inayoweza kuwa fitina. Uaminifu wa gazeti dogo unajengwa humo, kwa sababu kila mtu mjini ana la kumsema jirani yake, na kama kila linaloletwa lingechapwa, pasingebaki mji. Upekuzi wa Agosti 11 ulilivunja kabati hilo. Hasara hiyo haikurudishwa na kurudishwa kwa kompyuta. Ilikuja kubainika pia kwamba nakala ya data ilikuwa imebaki kwenye kifaa cha kuhifadhia ambacho hakikuwamo katika orodha ya vitu vilivyochukuliwa.

Siku iliyofuata upekuzi, Jumamosi, Joan Meyer alifariki akiwa na umri wa miaka 98. Nyumba iliyopekuliwa ilikuwa yake na ya mwanawe. Picha za kamera zinamwonyesha akisimama na kigari chake cha kutembelea, akiwakaripia askari watoke nyumbani kwake. Eric amesema mshtuko wa siku ile ndio uliomuua. Bibi huyu alikuwa bado anaandika kila wiki safu ya kumbukumbu za kaunti, akichambua matoleo ya zamani ya gazeti na kuwakumbusha wasomaji yaliyotokea miongo iliyopita. Kwa hiyo, wiki ambayo mafaili ya gazeti yalikuwa mikononi mwa polisi, aliyelijua gazeti hilo kwa kichwa naye hakuwapo.

Turudi kwenye kazi ya kuliunda toleo. Eric alikuwa anaandaa maziko ya mama yake huku simu za ofisini zikilia bila kupumzika, maana waandishi wa dunia nzima walikuwa wanataka mahojiano. Viongozi wa chama cha magazeti cha Kansas walikuja kushika simu hizo na kusaidia kutafuta vifaa, jambo ambalo kwa macho ya nje ni dogo, ila ndilo lililowaacha watu wachache wa gazeti wakae kwenye viti vyao.

Kuandika habari kubwa ya wiki hiyo haikuwa shida. Walikuwa ndani yake. Kilichowatesa ni vile vipande ambavyo hakuna msomaji anayeviita habari. Fikiria ukurasa wa ndani wa gazeti lolote la mji mdogo: tangazo la duka la vifaa vya kilimo, la fundi mabomba, la benki, la kanisa lenye chakula cha jioni Ijumaa. Mengi hutoka wiki baada ya wiki bila kubadilika, kwa hiyo hakuna anayeyatengeneza upya. Mpangaji wa kurasa huyachukua kwenye faili la wiki iliyopita, hubadilisha tarehe, hupita. Faili likipotea, kila tangazo linakuwa kazi mpya, na aliyelipia wiki sita hataki kusikia kwamba la tatu limetoka bila namba yake ya simu. Mifupa ya kurasa zenyewe, yaani upana wa safu, aina za herufi, nafasi ya nembo, nayo hukaa kwenye mafaili. Wafanyakazi wa Record walilazimika kuvijenga upya habari, matangazo na vitu vinginevyo vyote.

Halafu kuna matangazo ya kisheria. Msomaji wa Dar es Salaam aliyewahi kufuatilia mirathi mahakamani anayafahamu: fulani amefariki, fulani anaomba kusimamia mali, mwenye pingamizi ajitokeze. Marekani nako sheria za majimbo zinataka mengi ya aina hiyo yatoke gazetini, na mengine kwa wiki kadhaa mfululizo. Bajeti za kaunti, minada ya nyumba zilizoshindwa kulipiwa mikopo, mashauri ya mirathi, yote hupitia humo. Kwa magazeti madogo hayo ni mapato ya uhakika, lakini pia ni mzigo: wiki moja ikirukwa, mfululizo unakatika, na shauri la mtu asiyehusika hata kidogo na ugomvi wa mhariri na polisi linaweza kulazimika kuanza upya. Nadhani hapa ndipo hoja ya kwamba “gazeti lingesubiri wiki moja” inapoanguka. Lingeweza kusubiri kama kazi yake ingekuwa kutoa maoni tu.

Kuna na suala la kiwanda. Magazeti mengi ya ukubwa huu hayana tena mtambo wake wa kuchapa. Kurasa hutumwa kielektroniki kwenye kiwanda kinachochapa magazeti ya miji mingi kwa zamu, na nakala nyingi huenda kwa wasomaji kwa njia ya posta. Anayechelewa hugusa zamu za wengine na ratiba ya posta pia. Ndiyo maana mtu anakesha hadi saa kumi na moja alfajiri badala ya kwenda kulala na kumalizia asubuhi.

Walikesha. Toleo likatoka Jumatano Agosti 16. Siku hiyohiyo mwanasheria wa kaunti alitangaza kwamba hati ya upekuzi imeondolewa kwa sababu hapakuwa na ushahidi wa kutosha kuunganisha kosa linalodaiwa na mahali palipopekuliwa wala vitu vilivyochukuliwa. Vifaa vikaachiwa. Sielewi ni kwa namna gani ushahidi uliotosha Ijumaa ulipungua kufikia Jumatano, isipokuwa tukubali kwamba Ijumaa hakuna aliyeusoma vizuri.

Sheria yenyewe haikuwa ya kubahatisha. Mwaka 1971 polisi wa California walipekua chumba cha habari cha Stanford Daily, gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakitafuta picha za maandamano. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1978 gazeti likashindwa. Bunge la nchi hiyo likajibu kwa sheria ya mwaka 1980 inayowataka maofisa, isipokuwa katika hali chache, watumie hati ya wito badala ya kuvamia. Tofauti yake kwa mtu wa chumba cha habari ni kubwa: wito humpa mhariri nafasi ya kwenda mahakamani kupinga, akatoa kinachohusika na kulinda kisichohusika. Upekuzi hubeba kila kitu, pamoja na madaftari ya mwandishi anayemchunguza mkuu wa polisi. Inafurahisha kidogo, kama neno hilo linafaa, kwamba ulinzi huo ulizaliwa na gazeti la wanafunzi, nalo likiwa dogo.

Yaliyofuata nitayapita upesi kwa kuwa ni ya mahakama zaidi kuliko ya gazeti. Maelfu ya watu wasiowahi kufika Kansas walilipia gazeti la mji wasiouona, na ofisi ya watu saba ikajikuta na kazi mpya ya kuingiza majina kwenye orodha ya wasomaji. Mwishoni mwa Septemba Cody alisimamishwa kazi, na Oktoba 2 akajiuzulu. Agosti 2024 waendesha mashtaka maalumu wawili walitoa ripoti ikisema wafanyakazi wa gazeti hawakutenda kosa lolote, na Cody akashtakiwa kwa kuingilia mwenendo wa haki, akidaiwa kumtaka mwenye mgahawa afute ujumbe wa simu waliokuwa wakitumiana. Mwandishi aliyekuwa akimfuatilia alimshtaki kwa kumpokonya simu siku ya upekuzi, na shauri likamalizwa kwa dola 235,000. Novemba 2025 kaunti ilikubali kulipa dola milioni 3 na kutoa taarifa ya kuomba radhi. Kwa kaunti ya watu wasiofika 12,000, hiyo ni kama dola 250 kwa kila mkazi, watoto wachanga wakiwamo.

Kuhusu ile habari ya pili kabatini, gazeti kubwa la Kansas City Star lilichapa siku chache baada ya upekuzi kwamba Cody aliondoka kwenye idara yake ya zamani akikabiliwa na kushushwa cheo. Watu wa Star walikuwa na vyanzo vyao na uwezo wa kuvifikia. Waliozungumza na Record kwa sharti la kutotajwa majina wao walikuwa wamekaa siku tano bila kujua nani ameyasoma majina yao. Mhariri akipiga hesabu ya kilichopotea wiki ile, hilo ndilo ningeliweka juu, kabla ya kompyuta na kabla ya matangazo, kwa kuwa mtu wa namna hiyo akishaogopa hapigi simu tena, wala hakuna faili la wiki iliyopita la kumrudisha.